Sera ya kuheshimu mila za Waaborijini kwenye huduma za watu wenye ulemavu: aiandike nani?

#1 MamaKasulu
Wakuu, habari za usiku. Naomba mawazo yenu kabla ya Ijumaa.

Niko Alice Springs, katikati ya Australia, mwaka wa sita sasa, nahudumia watu wenye ulemavu majumbani kwao. Kampuni ninayofanyia kazi (sitaitaja) imetuletea rasimu ya sera mpya, kurasa kumi na nne, wahudumu tutoe maoni. Wateja wetu wengi ni Waaborijini, watu wa asili wa nchi hii, lakini mila zao zimepewa nusu ukurasa. Mhudumu "ataheshimu mila, imani na desturi za mteja wakati wote". Basi. Fomu za mafuta ya gari zimepewa kurasa mbili. Imeniuma.

Niwaeleze kwa nini. Kuna mzee wa Kiwarlpiri ninamhudumia kwenye kambi mojawapo za pembeni ya mji, umri sabini hivi, mguu mmoja ulikatwa kwa kisukari, yuko kwenye kiti mwendo. Mwezi uliopita zamu ya jioni alipewa binti mpya, naye ni Mwaborijini. Ofisi ikafurahi kwamba sasa mzee atahudumiwa na mtu wa kwao. Jioni ya kwanza nilikuwepo kumwonyesha kazi. Gari liliposimama tu, mzee akageuza kiti, akauelekea ukuta wa bati, kofia akaishusha mpaka puani. Binti naye hakuvuka geti. Alikaa chini, nyumba akaipa mgongo, akawa anachora mchangani kwa kijiti. Niliita huku, nikaita kule, hakuna aliyeitika. Maji ya kuogea yakapoa kwenye beseni.

Ripoti ikaandikwa: mteja amekataa huduma. Siku ya pili vilevile, ya tatu vilevile. Kwa utaratibu wetu mteja akikataa mara tatu, saa zake zinapitiwa upya, na huku kupitiwa upya maana yake ni kupunguzwa.

Aliyenifumbua macho ni binti wa mzee. Kasema yule mhudumu, kwa hesabu ya ukoo, ni mama mkwe wa baba yake. Binti wa miaka ishirini na kitu! Hakuna ndoa hapo na wala hawajuani, ila mafungu ya ukoo waliyozaliwa nayo ndiyo yamewaweka hivyo, na mtu na mama mkwe wake hawatazamani, hawasemezani, hawakai chumba kimoja. Nilimkumbuka bibi yangu. Akikutana na mkwewe njiani alikuwa anaingia majanini na kuni zake kichwani mpaka mwenzake apite.

Kwa hiyo dai langu ni hili: sera ya namna hii isiandikwe ofisini. Waiandike wenye mila, ofisi ipige muhuri tu. Mnasemaje?

#2 Mzalendo_Perth
Mama, pole na hongera kwa kazi. Naomba nikupinge.

Mila ni sehemu ndogo. Tatizo kubwa ni muundo wa NDIS wenyewe, huo mpango wa taifa wa bima ya ulemavu. Ulijengwa kama soko: mtu anapewa bajeti yake kwenye karatasi, achague mtoa huduma anayemtaka. Hapa Perth linafanya kazi, ukikosana na kampuni hii unahamia ile. Sasa nenda Kintore, zaidi ya kilomita 500 magharibi ya Alice, njia ya vumbi. Unachagua nani? Mtu ana bajeti nzuri na mwaka unakwisha hajaigusa, kwa sababu hakuna aliyefika. Kisha mwaka unaofuata wanasema hakuitumia, kwa hiyo haihitaji. Andikeni sera ya mila kurasa mia, bila mtu wa kufika ni bure.

Na majaribio yote ya 2013 yalikuwa mijini, vijijini walikuja kukumbukwa 2018.

#3 Kanga_Moko
#2 hapo mwisho si kweli mkuu. Majaribio yalianza Julai 2013, sawa, lakini Julai 2014 yalifika Barkly, upande wa Tennant Creek. Huko ni ndani kabisa. Nilikuwa huko. Tuliona mapema mambo yote unayoyasema, na tuliyaandika kwenye ripoti zetu.

#4 Mzalendo_Perth
#3 nimesahihishwa, asante. Lakini umenisaidia hoja: waliona 2014 na bado wakaendelea na mfumo uleule.

#5 Sista_Wairimu
Hamjambo nyote. Mimi ni muuguzi Darwin, mwaka wa tisa. Mama Kasulu, hicho kisa chako nimekisoma mara mbili.

Niongeze jambo ambalo naona linaumiza watu zaidi ya hilo la mkwe. Ni neno "ndiyo". Afisa anakuja kutathmini mahitaji ya mtu, na kompyuta yake mapajani. Anauliza maswali ya moja kwa moja, haraka haraka: Unaweza kuvaa mwenyewe? Ndiyo. Unaweza kupika? Ndiyo. Unaelewa? Ndiyo. Mwanaisimu mmoja wa hapa, Diana Eades, ameandika sana juu ya hili, kwanza kwenye kesi za mahakamani. Watu wengi wa asili wakiulizwa na mtu wa serikali hukubali tu, iwe wameelewa au la, kwa sababu ya adabu, au kuchoka, au kutaka aliye mbele yao aondoke. Nilikaa pembeni ya mama mmoja akisema ndiyo kwa maswali kama ishirini. Mikono yake haikuweza kufungua chupa ya maji niliyompa. Mpango ulipokuja, saa zake zilikuwa nusu ya zile tulizoomba.

Kwao mambo huja polepole. Mnakaa, mnanyamaza, mnaongea habari za mvua na za samaki. Kisha mtu anajisemea mwenyewe. Sera ya kweli ingesema tathmini haifanywi siku ya kwanza ya kukutana. Sentensi moja tu.

#6 Dereva_wa_Dandora
Sista umesema kweli, lakini hiyo si mila ya Waaborijini peke yao. Mamangu mzazi akiulizwa na daktari kama anaumwa anasema "kidogo tu", na nyumbani amelala siku tatu.

#7 Sista_Wairimu
#6 mpe shikamoo zangu, na umpeleke hospitali.

#8 Mtafiti_Ujiji
Naomba kuuliza kwanza. #1 umesema mzee ana sabini hivi na yuko NDIS? Kuingia NDIS lazima uwe chini ya miaka 65.

#9 MamaKasulu
#8 aliingia akiwa na 63. Ukishaingia kabla ya 65 unaweza kubaki. Wale waliochelewa wanapelekwa kwenye huduma za wazee, na kwa Waaborijini hizo huanza miaka 50, kwa sababu maradhi huwawahi. Lakini hapo sasa ndipo watu wanapovurugwa: wa miaka 55 anaambiwa na ofisi hii aende ile, na ile inamrudisha hii.

#10 Mwalimu_Pwani
Assalaam aleikum jamaa. Nimesoma mahali kwamba lugha nyingi za Waaborijini hazina neno moja la "ulemavu". Wana neno la asiyeona, la asiyesikia, la anayechechemea, lakini kapu moja la kuwatia wote hawana. Jumuiya yao ya watu wenye ulemavu, First Peoples Disability Network, hulisema mara nyingi. Mtu ni mjomba fulani, anatembea kwa fimbo, basi. Sasa unakuja na fomu inayomtaka akubali kwanza kwamba ni mlemavu ndipo apate haki. Nadhani hapo ndipo wengi wanapokataa, kabla hata ya hilo la mkwe.

Na tujitazame sisi. Kiswahili kimewatia kwenye ngeli ya vitu: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Mtu mzima anaingizwa pamoja na kiti na kisu.

#11 Fundi_Viatu
#10 Mwalimu, kiongozi naye yuko ngeli gani? Na kijana? Na kinara?

#12 Mwalimu_Pwani
#11 hapo umeniweza kidogo, lakini kiongozi limetokana na kitenzi, na upatanisho wake ni wa a-wa.

#13 Fundi_Viatu
Na kipofu pia husemwa "kipofu amefika", siyo "kimefika". Mimi sisikii sikio la kushoto tangu surua ya utotoni. Chama chetu Tanzania kinaitwa CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, na jina hilo tumelichagua wenyewe. Tunaloomba ni mkalimani wa lugha ya alama hospitalini, hilo la ngeli halitusumbui.

#14 Mwalimu_Pwani
Ahsante ndugu yangu, nimelipokea. Hata hivyo "kilema" silirudishi kinywani mwangu.

#15 Kanga_Moko
Mmetaja masikio, na hapo nina la kusema. Kwenye jamii za ndani watoto wengi wanaugua masikio, usaha unatoka miezi na miezi, na wanakua wakisikia nusu. Mhudumu akiongea kwa nyuma na mtu asiitike, anaandika "hana ushirikiano" au "ni mila yao kunyamaza". Nimeona mtu akihesabiwa kuwa na matatizo ya tabia miaka mingi, mpaka alipopimwa masikio. Kwa hiyo tusiwe wepesi kusema mila, mila. Wakati mwingine ni sikio.

Na cha ajabu ni kwamba hao Wawarlpiri wana lugha ya ishara ya zamani sana, ya mikono, isiyohusiana na uziwi. Wajane wakiwa kwenye maombolezo hunyamaza miezi, wengine zaidi, wanaongea kwa mikono tu. Kina mama wazee wanaijua barabara. Kampuni moja niliyofanyia kazi ilileta mkalimani wa lugha ya alama ya Australia kwa mwanamke wa kule ambaye hasikii. Hawakuelewana hata neno. Shangazi yake alikuwa amekaa palepale anamwambia kila kitu kwa vidole, na hakuna aliyemuuliza.

#16 MamaKasulu
#15 hilo la shangazi ndilo ninalolilia. Wapo. Wako palepale.

#17 Mzee_Buyenzi
Habari zenu wanangu. Niko Adelaide, nimetoka Bujumbura kupitia kambi za Kigoma. Nina mtoto mwenye ulemavu, ninazijua fomu hizo kwa upande wa pili.

Mnazungumza mila kama ni kitu cha ajabu cha kujifunza semina. Mila ya kwanza ya hawa watu ni kwamba ndugu ndiye anayetunza ndugu. Sasa NDIS hailipi ndugu kumhudumia ndugu, isipokuwa kwa ruhusa maalumu sana. Kwa hiyo binti wa huyo mzee, anayemwogesha usiku mhudumu akishaondoka, hapati senti. Kampuni inamtuma mgeni saa mbili, inalipwa kwa bei ya serikali na nauli juu. Kisha tunaulizana kwa nini mzee amegeukia ukuta. Mimi ningekuwa ndiye, ningegeuka pia.

#18 Mzalendo_Perth
Shikamoo mzee. Ndilo nililosema #2, ni fedha.

#19 Mzee_Buyenzi
Marahaba. Sijasema fedha. Nimesema nani anaaminiwa. Fedha inafuata kuaminiwa.

#20 Sista_Wairimu
Mzee, naomba niseme kwa heshima. Sheria ya kutolipa ndugu ina sababu. Nimeona pia nyumba ambazo posho ya mgonjwa iliishia kwa ndugu na mgonjwa alikuwa na vidonda mgongoni. Tume ya kifalme iliyochunguza unyanyasaji wa watu wenye ulemavu, ile ya 2019 mpaka 2023, ilisikiliza habari nzito, na nyingine zilitokea majumbani. Ripoti yake ina vitabu 12 na mapendekezo 222, na kitabu cha 9 chote ni cha watu wa asili. Ulinzi lazima uwepo.

#21 Mzee_Buyenzi
Binti yangu, vidonda mgongoni nimeviona pia kwa walioajiriwa wenye vibali vyote. Lakini nakubali, ulinzi uwepo. Uwe wa pande zote.

#22 Kanga_Moko
Tukiwa kwenye vibali: tangu 2021 mhudumu lazima apite uchunguzi wa kitaifa. Huku jimbo la Kaskazini (Northern Territory) ukifanya kazi na watoto unahitaji na kadi yao, wanaiita Ochre. Nilimsaidia mama mmoja, mtu wa kuheshimika, anajua kuhudumia kuliko mimi. Hana cheti cha kuzaliwa, tarehe yake ya kuzaliwa iliyo kwenye karatasi alipangiwa na wamisionari, jina limeandikwa namna tatu kwenye ofisi tatu. Na miaka ya nyuma alishtakiwa kwa faini za gari. Miezi saba. Alipokuja kupata kibali, nafasi ilikuwa imechukuliwa na mtu kutoka mjini mwenye semina ya mila ya saa mbili. Sera ikisema "tutaajiri wenyeji" bila kusema nani atawasaidia karatasi, haijasema kitu.

#23 Dereva_wa_Dandora
Hiyo semina niliifanya. Ya kwenye kompyuta. Nilipata asilimia mia, na bado siku ya kwanza nilimwita mteja jina la marehemu.

#24 Sista_Wairimu
#23 eleza.

#25 Dereva_wa_Dandora
Nilikuwa namchukua kwa gari kumpeleka kliniki. Kwenye simu ya kazi jina limeandikwa, nikashuka nikaita kwa sauti mbele ya nyumba. Watu kama kumi wamekaa chini ya mti. Wote wakainamisha vichwa, mama mmoja akaanza kulia. Kumbe wiki mbili kabla amefariki mtu mwenye jina hilohilo. Mtu akifa jina lake halitajwi, na wenye jina hilo wote wanaitwa Kumanjayi mpaka muda upite. Jamaa wangu alikuwa ameshakuwa Kumanjayi na kompyuta haina habari. Niliomba ofisi ibadilishe, wakasema jina lazima lilingane na la kadi ya serikali. Mpaka leo nikikumbuka ile sauti ya mama yule moyo unakaza. Tangu hapo siiti jina. Nasimama mbali, napiga honi kidogo, nasubiri.

#26 Mtafiti_Ujiji
Hili linarekebishika kabisa. Sehemu moja kwenye mfumo: "aitwe hivi kwa sasa". Ni kazi ya siku moja kwa mtu wa kompyuta. Mama Kasulu liweke.

#27 MamaKasulu
Nimeliandika. Na mmenikumbusha jingine la msiba, wao wanaita "sorry business". Mtu akifia nyumbani, familia inahama nyumba hiyo kwa muda, mpaka ifukizwe moshi wa majani. Sasa mashine ya kumnyanyua mgonjwa, kitanda cha umeme, njia ya mteremko mlangoni, vyote vimefungwa kwenye ile nyumba. Mkataba wa huduma umeandikwa anwani ileile. Mteja yuko kwa dada yake kilomita 300, Yuendumu, analala godoro chini, na sisi tunaandika "hakupatikana". Mara tatu hakupatikana. Mnajua kinachofuata.

#28 Fundi_Viatu
Hiyo ya mara tatu ifutwe kwanza, kabla ya yote.

#29 Jangwa_Jekundu
Wakuu, nimekaa kimya nikisoma. Hakuna aliyetaja woga. Mimi nafanya kazi na familia zenye watoto. Mama ana mtoto wa miaka minne, haongei. Unamwambia apimwe, anahama mji. Kwa nini? Bibi yake alichukuliwa na serikali akiwa mdogo. Watoto walichukuliwa kuanzia mwanzoni mwa karne iliyopita mpaka miaka ya 1970, ripoti ikatoka 1997, na Waziri Mkuu Kevin Rudd akaomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008. Mtu mwenye kalamu anayeandika kwamba mtoto wako ana kasoro ndiye yuleyule aliyekuja kumchukua bibi.

#30 Mzalendo_Perth
Hiyo ni historia mkuu, mama wa leo hakuiona.

#31 Jangwa_Jekundu
#30 kaka, hata leo mtoto wa asili ana uwezekano mara kumi hivi wa kuondolewa kwao kuliko mtoto mwingine wa Australia. Mama wa leo anaona kwa jirani. Ukimwambia "tathmini" yeye anasikia neno jingine.

#32 Mzalendo_Perth
Sawa. Hiyo sikuijua.

#33 Chungwa_la_Muheza
Naombeni nilete mfano mzuri, maana uzi umekuwa mzito. Serikali ilijenga vituo vya kusafisha damu jangwani kwa wenye figo zilizokufa, ili wasihamie mjini. Kwa nini wasifanye vivyo hivyo kwa ulemavu?

#34 Kanga_Moko
#33 dada, serikali haikujenga! Hilo lazima lisahihishwe. Wazee wa Kipintupi wa Kintore na Kiwirrkurra walikuwa wanaletwa Alice kusafishwa damu, wanafia mbali na nchi yao. Wakakaa, wakachora picha kubwa kwa pamoja, zikapigwa mnada mwaka 2000 kwenye jumba la sanaa la Sydney, zikapata zaidi ya dola milioni moja. Mwaka 2004 mashine ya kwanza ikafanya kazi Kintore. Ndiyo Purple House ya leo, nyumba ya zambarau, na wana lori lenye mashine za kusafishia damu ambalo huwarudisha watu vijijini kwenye misiba na sherehe. Bodi ni wenyewe. Mgonjwa akisema leo naenda msibani, mfumo unajipanga kumfuata.

#35 Chungwa_la_Muheza
Duh, asante. Nilikuwa naisimulia vibaya miaka yote.

#36 Sista_Wairimu
Figo si ulemavu kwa maana ya NDIS, lakini nakubali mfano. Huduma za afya zinazomilikiwa na jamii zenyewe zipo tangu ile ya Redfern, Sydney, 1971, na Alice ile inayoitwa Congress tangu 1973. Kwenye ulemavu walikuja kuchelewa, soko likawa limeshagawanywa.

#37 Mtafiti_Ujiji
Mfano mwingine ni Groote Eylandt. Kuna ugonjwa wa kurithi, Machado-Joseph, unaodhoofisha misuli kidogo kidogo mpaka mtu hawezi kutembea wala kumeza, na akili iko timamu. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ana nusu kwa nusu. Waliuleta mabaharia Wareno. Familia na wataalamu waliunda taasisi yao 2008, na huduma inapangwa kwa ukoo mzima badala ya mtu mmoja mmoja, maana anayemtunza leo huenda ndiye mgonjwa wa kesho.

#38 Jangwa_Jekundu
Hilo la Wareno lilisemwa zamani, kwa sababu ugonjwa ulijulikana kwanza kwa watu wa visiwa vya Azores. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha asili yake inaelekea Asia.

#39 Mwalimu_Pwani
Yaani wale mabaharia wa Makassar waliokuja kuvua majongoo bahari?

#40 Jangwa_Jekundu
Wapo wanaosema hivyo, na wapo wanaosema ni ya zamani zaidi, maelfu ya miaka. Wenyewe kisiwani wana maelezo yao pia, na si yangu kuyatoa hapa.

#41 Dereva_wa_Dandora
Na kura ya maoni ya 2023 je? Si ndiyo ingewapa sauti bungeni? Asilimia sitini wakasema hapana.

#42 Msimamizi
Tusiingie huko jamani, mnajua uzi wa mwaka ule ulivyoishia. Turudi kwenye sera ya Mama Kasulu.

#43 Sista_Wairimu
Turudi. Kulikuwa na muuguzi Mmaori, Irihapeti Ramsden, New Zealand. Yeye ndiye aliyesukuma wazo la usalama wa kimila kwenye mafunzo ya uuguzi, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kiini chake ni kwamba anayeamua kama huduma ilikuwa salama ni aliyehudumiwa. Muuguzi hajipi alama mwenyewe. Kwa hiyo Mama, mimi sikubaliani na wewe kwamba wenyeji waandike halafu ofisi ipige muhuri. Kuandika si mwisho. Nani atapima? Wenyeji wapime kila miezi sita, na wakisema vibaya, kitu kitokee.

#44 Mzee_Buyenzi
Na wenyeji ni nani? Alice kuna Waarrernte wenye nchi, kuna Wawarlpiri, kuna Wapitjantjatjara waliokuja kutoka kusini. Ukimwita mmoja kwenye bodi, wengine watasema si msemaji wetu. Nimeyaona hayo kambini kwetu: shirika lilichagua "kiongozi wa Warundi" mmoja, tukakaa miaka miwili tunagombana.

#45 Kanga_Moko
Mzee hilo ni gumu kweli. Kina mama wa NPY (Ngaanyatjarra, Pitjantjatjara na Yankunytjatjara), wale wa jangwani wenye baraza lao tangu 1980, wanajaribu kwa kuwa na wajumbe kutoka kila jamii, mikutano inafanyika porini, watu wanalala huko. Ni gharama. Lakini wameweza hata kuwaajiri ngangkari, waganga wao, wakafanya kazi pamoja na kliniki.

#46 Mzalendo_Perth
Mganga analipwa na NDIS?

#47 Kanga_Moko
Kwenye orodha ya bei hutamkuta. Fedha zao walizitafuta kwingine.

#48 Mzalendo_Perth
Basi bado nasema ni fedha.

#49 Jangwa_Jekundu
Na mimi bado nasema ni woga.

#50 Fundi_Viatu
Mama Kasulu, swali dogo nje ya mada. Hicho kiti mwendo cha mzee tairi zake ni za upepo? Ile miiba ya huko ya pembe tatu nilisikia inatoboa kila wiki.

#51 MamaKasulu
#50 kila wiki kweli. Nina viraka kwenye pochi. Tuliomba tairi ngumu pana za mchangani, tumeambiwa mtaalamu aje kwanza kutathmini, na yeye huja mara moja kwa miezi mitatu. Kwa hiyo mzee hatoki uani. Kwenda kwa ndugu yake nyumba ya nne anabebwa.

Jamani nashukuru wote. Nimetuma maoni jana usiku. Nimeandika manne tu: kabla ya kupanga mhudumu aulizwe mteja na familia kama ukoo unaruhusu, "aitwe hivi kwa sasa" kwenye mfumo, mkataba umfuate mtu badala ya nyumba, na utaratibu wa mara tatu uondolewe mpaka mtu wa jamii azungumze na mteja. La Sista la kupima kila miezi sita nimeliongeza chini kwa kalamu, sijui kama watalisoma. La Mzee la kulipa ndugu nilitaka kuliweka, wenzangu wakasema liko juu ya uwezo wa kampuni.

Bosi kanijibu leo. Kasema kikao Alhamisi saa nne asubuhi, nimwalike binti wa mzee. Nilimwendea. Kakubali, ila ofisini haingii, kasema tukae nje chini ya mti wa pale uani kwa baba, na mzee awepo asikie. Nimeomba viti sita.

#52 Mzee_Buyenzi
Viti vya nini? Peleka mkeka. Wakiwa chini, nanyi mkae chini.

#53 Sista_Wairimu
Na yule binti mhudumu? Naye ana la kusema. Yeye ndiye aliyekaa nje ya geti siku tatu.

#54 MamaKasulu
Nimemuuliza. Kasema atakuja, lakini atakaa upande wa pili wa nyumba, mtu awe anampelekea maneno. Nimesema nitapeleka mimi.

#55 Kanga_Moko
Basi hakikisha kivuli. Saa nne mti uko sawa, saa tano jua limehama na mzee hawezi kujisogeza kwenye huo mchanga na tairi za pancha. Kiti chake kiwekeni mapema upande wa mashariki, na mwache yeye aseme kinatazama wapi.